Mume wangu wakili amepata kiharusi, sasa kila mtu anamsemea

Shikamoo Mama,

Nasoma safu yako tangu nikiwa chuo, ila sikuwahi kudhani kuna siku ningeiandikia. Naomba usitaje majina.

Mimi ni mkaguzi wa hesabu katika kampuni binafsi hapa Dar es Salaam, nina miaka 43. Mume wangu ana 49. Ni wakili wa kujitegemea. Yeye na mwenzake walifungua ofisi yao Upanga wakiwa bado vijana, wakaijenga mpaka ikajulikana. Tuna binti kidato cha nne na mvulana darasa la sita. Tulikuwa watu wa kukimbizana na saa: asubuhi tunaachana getini, jioni tunapigiana simu kwenye foleni ya Mwenge tujue nani atatangulia kufika. Lakini uamuzi wa nyumba tuliufanya wawili, Jumapili baada ya misa, daftari likiwa mezani.

Mwaka jana mwezi wa tano alikuwa anajiandaa kwenda mahakamani. Nikasikia kitu kimeanguka. Nilimkuta ameketi ukingoni mwa kitanda na tai mkononi, mdomo umekwenda upande. Nikamwuliza kuna nini, akajibu maneno yasiyo ya lugha yoyote. Presha alikuwa nayo miaka mingi, na vidonge alikuwa ameviacha kwa kuwa alijisikia mzima. Hospitali walisema mshipa wa damu umeziba upande wa kushoto wa ubongo.

Leo anatembea kwa fimbo. Mkono wa kulia umekunja ngumi na haufanyi kazi. Kinachotumaliza zaidi ni maneno. Mtu aliyekuwa akisimama mbele ya jaji saa nzima bila kutazama karatasi, leo analitafuta neno "maji" mpaka jasho linamtoka. Anataka kusema ndiyo, inatoka hapana. Mimi humalizia sentensi zake ili asiteseke, na wageni wakija ni mimi ninayewajibu. Binti yangu huniambia, "Mama, mwache amalize." Yeye hana haraka. Mimi nina chakula jikoni, barua pepe za ofisini, na mtu wa mazoezi anasubiri malipo yake mlangoni.

Halafu kuna hasira. Mwezi uliopita mpangaji wa nyumba yetu ya Kinyerezi alitaka kusaini mkataba mpya haraka. Nikamletea mwenzangu karatasi aweke dole gumba, nikamshika mkono. Akazisukuma zote sakafuni, akapiga meza, akasema "hapana" zaidi ya mara kumi. Siku hizi hapana yake naweza kuijua maana? Nikasaini mimi, mambo yakaisha.

Cha ajabu, kanisani anaimba. Wimbo mzima, beti zote, bila kukosea. Na mama yake akipiga simu kutoka Muleba wanaongea Kihaya, anaitika, anasalimia, hata anacheka. Mimi ni Mpare, najua "waitu" na basi. Nakaa pembeni nasikia mume wangu akimpa mama yake maneno ambayo mimi sipati. Mama mkwe amekata shauri kwamba mwanawe ni mzima, kuna mkono wa mtu, na mjini hapa hatapona. Yeye na wifi wanataka nimpeleke Muleba akae huko. Juzi wametuma chupa ya dawa ya mizizi kwa basi.

Ofisini nako, mwenzake amekuwa akiwaambia wateja kwamba mume wangu amestaafu. Miezi mitatu sasa hakuna hela iliyotoka huko. Mimi bosi wangu anataka niende ukaguzi mikoani kama zamani, na nimeshaandika barua ya kuacha kazi, ipo kwenye kompyuta.

Jambo la mwisho naona aibu kulisema. Tunalala vyumba tofauti tangu atoke hospitali. Usiku mmoja alinigusa kama mke wake, nikaogopa asije akafia mikononi mwangu, nikajifanya nimesinzia. Tangu siku hiyo hajanigusa tena, na mara nyingi namkuta analia mbele ya televisheni.

Niache kazi nimuuguze, au nimpeleke kwa mama yake?

Msomaji wako, Tegeta.

*

Marahaba, mwanangu. Pole, na Baba watoto mpe pole yangu. Mpe yeye mwenyewe, usimpokelee.

Nitaanza na ule mkataba. Wewe umeueleza kama mfano wa hasira zake, mimi nimeusoma mara mbili nikaona jingine. Wakili wa miaka yote hiyo ameletewa mkataba wa nyumba yake mwenyewe, hakusomewa, akashikwa mkono atiwe wino. Ningekuwa mimi ningezitupa dirishani. Pengine aliona kifungu kibaya. Pengine ni hilo dole gumba lililomchoma, maana mkono wa kushoto anao na kalamu unaishika. Mimi siwezi kujua, na wewe hujajua, kwa sababu hakuna aliyemwuliza. Na sasa unaniuliza mimi kama aende Muleba! Mwenye safari yupo sebuleni.

Hali hiyo ya kupotelewa na maneno madaktari huiita afasia. Huwapata karibu theluthi ya wanaopatwa na kiharusi, zaidi kikipiga upande wa kushoto wa ubongo, ambako kwa wengi wetu ndiko lugha iliko. Hugusa kusema, kuelewa, kusoma na kuandika, kila kimoja kwa kiwango chake, kwa hiyo mtu anaweza kukuelewa vizuri na asiweze kukujibu. Wewe umeishi na mwanasheria, utanielewa nikisema hivi: faili zote zipo kabatini, karani wa kuzitoa ndiye anayeleta faili lisilo lake. Ndiyo maana anaomba ndiyo, analetewa hapana. Na yeye anasikia kwamba limetoka lisilo lake. Hapo ndipo hasira inapozaliwa.

Basi "hapana" ya mdomo peke yake usiitegemee. Kubalianeni ishara: dole juu ni ndiyo, kiganja wazi ni hapana, au andika maneno hayo mawili kwenye karatasi aguse. Zima televisheni kwanza. Uliza jambo moja, si matatu. "Tule wali au ndizi?" huku ukimwonyesha vyote viwili, ni rahisi kwake kuliko "Leo tule nini?" Andika neno kuu kwa herufi kubwa unapoongea. Kisha nyamaza. Nyamaza kweli, hesabu moyoni mpaka kumi, na ukifika kumi bila neno, mwulize kama anataka umsaidie kulitafuta. Usipomwelewa mwambie hukumwelewa. Kuitikia "eeh, eeh" anakushtukia. Na usipaze sauti, masikio yake ni mazima. Binti yako ameshagundua haya yote bila kufundishwa, kwa hiyo mwombe akusaidie, ila usimfanye mkalimani wa kudumu mwaka huu wa mtihani.

Wageni wakija, kaa kando yake badala ya kukaa mbele yake. Wakikuuliza "Anaendeleaje?", wageukie na kusema, "Mwulizeni." Wengine hawatarudi. Sawa tu.

Wataalamu wa matamshi na lugha nchini kwetu ni wachache mno, na wewe kama mtu wa mahesabu utataka kujua gharama kabla ya yote. Mtafuteni mmoja hata kwa vikao vichache, akuachieni mazoezi ya nyumbani; wengine wanakubali kwa simu ya video. Nafuu kubwa huja miezi ya mwanzo, hilo ni kweli, lakini anayekuambia kwamba mwaka ukipita mlango umefungwa anakudanganya. Watu huendelea kupata maneno miaka mingi baadaye, polepole, wakizoezwa. Kulikuwa na mshairi wa Uswidi, Tomas Tranströmer, aliyekuwa pia mwanasaikolojia. Alipata kiharusi mwaka 1990, upande wa kulia ukalegea na usemi karibu wote ukaondoka. Alikuwa akipiga piano kwa mkono wa kushoto, akaendelea kuchapisha mashairi, na mwaka 2011 akapewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi. Mkewe, Monica, ndiye aliyekuwa akimsaidia kueleweka mbele za watu. Simtaji ili umdai mumeo tuzo. Namtaja kwa sababu ya huyo Monica, ambaye kazi yake ilikuwa kufikisha alichotaka kusema mumewe.

Sasa Kihaya, ambacho naona kinakuuma kuliko ulivyoandika. Mtu wa lugha tatu akipata afasia, si lazima zirudi zote sawasawa. Wengine hutanguliwa na lugha ya utotoni, wengine na ile waliyoitumia zaidi. Tena sikiliza wanachoongea na mama yake: salamu, kuitikia salamu, maneno ya heshima, utani uleule wa siku zote. Maneno ya mazoea hutoka yenyewe bila kutafutwa, kama ambavyo mgonjwa asiyeweza kusema "kijiko" huweza kuhesabu moja mpaka kumi, kusali Baba Yetu, au kutukana matusi mazima. Na wimbo hutegemea sana upande wa pili wa ubongo, ule ambao haukuguswa. Kuna tiba nzima ya kumfundisha mgonjwa kusema kwa kughani, nayo ilianzia Marekani miaka ya 1970. Kwa hiyo hakufichi maneno, na mama mkwe hajakushinda. Itumie hiyo simu: mama apige kila siku, wifi akufundishe salamu kumi, na jioni imbeni nyumbani badala ya kungoja Jumapili.

Mkono wa mtu haupo, kuna presha iliyoachiwa. Watafiti waliohesabu wagonjwa wa kiharusi wilayani Hai na hapa Dar es Salaam kati ya 2003 na 2006 walikuta kiwango cha Dar ni karibu mara tatu ya kile cha Hai. Kama ni wachawi, basi wote wamehamia mjini.

Muleba mpeleke kwa matembezi, akitaka. Mweke chini, ramani au picha za nyumbani mezani, mwulize: kutembea wiki mbili, au kuhamia? Akijibu, mwulize tena kesho yake kwa kugeuza mpangilio wa maneno, uone kama jibu ni lilelile. Akisema anahamia, hilo nalo ni neno la mtu mzima na mtalizungumza. Lakini mama mkwe ajue anachoomba: mwanamume wa miaka 49 anayehitaji kuinuliwa bafuni, mazoezi kila siku, na vidonge visivyokatika hata siku moja. Yeye mwenyewe ni mzee. Mimi ningemkaribisha yeye Tegeta miezi miwili kabla ya jambo lolote.

Barua ya kuacha kazi ifute. Sisemi uiweke kando, nasema ifute. Mshahara wako ndio unaolisha nyumba, na kama bima ya familia imepitia kazini kwako, ukiondoka wewe inaondoka nayo. Tena ukibaki nyumbani kutwa nzima, yeye atakuwa ndiye kazi yako, na hakuna ndoa inayopenda hivyo. Nenda kwa bosi na pendekezo lililoandikwa: miezi sita bila safari za mikoani, ukaguzi wa hapa mjini tu, kisha mtazame tena. Usiende kulia kwake. Nenda na ratiba.

Kuhusu yule msomi mwenzake, hapa usichelewe. Ofisi ya watu wawili ina mkataba wa ubia, au inapaswa kuwa nao, na humo mara nyingi mmeandikwa mbia akiugua inakuwaje. Utafuteni. Mume wako hajastaafu mpaka aseme amestaafu, na kesi alizozifanyia kazi kabla ya kuugua zina ada yake. Tafuta wakili mwingine, mtu mzima aliyewafahamu wote wawili, aandike barua ya upole kwanza. Mume wako awepo kwenye kikao, aketi, aonekane. Usiende peke yako ukamwakilisha kama marehemu. Kama alikuwa akichangia NSSF, hata kwa hiari, ulizieni masharti ya pensheni ya ulemavu. Na benki, aende mwenyewe akaombe kubadilisha sahihi iwe ya mkono wa kushoto. Aifanyie mazoezi kwenye lile daftari lenu la Jumapili. Mkihitaji hati ya uwakilishi ili usaini baadhi ya mambo kwa niaba yake, iwe na barua ya daktari kwamba anaelewa anachosaini, na asomewe kila kifungu. Kila kimoja!

Kurudi mahakamani sitakuahidi. Kuna kazi ya uwakili isiyohitaji kusimama, lakini nimekwambia kusoma nako huguswa, kwa hiyo pimeni kabla ya kupanga. Mpe ukurasa mmoja wa mkataba ambao umeuharibu mahali kwa makusudi, uone kama kidole chake kinakwenda pale.

Chumbani. Hofu yako wanayo wengi, na hakuna anayewajibu, kwa hiyo najibu wazi. Hali ikishatulia na presha ikishika mstari, tendo la ndoa kwa kawaida haliwi hatari ya kuleta kiharusi kingine. Mwulizeni daktari wake, mkiwa wawili, bila kunong'ona. Laleni upande, mkono dhaifu ukiwa umeegemezwa kwenye mto, na usimvute kwa mkono huo wakati wowote, kitandani wala bafuni, bega huachia kirahisi. Nguvu zikipungua, huenda ni baadhi ya vidonge vya presha au huzuni. Daktari anaweza kubadilisha dawa. Asiviache vidonge kimyakimya, na asinunue vya kuongeza nguvu dukani, vingine vikikutana na dawa za moyo hushusha presha vibaya. Hayo ni ya baadaye lakini. Kwanza rudini chumba kimoja. Yeye anajua hukuwa umesinzia. Mwambie uliogopa, hilo neno ataelewa kwa lugha yoyote.

Kulia mbele ya televisheni kuna sababu mbili, na zinatofautiana. Kuna kilio kinachomjia mgonjwa ghafla bila huzuni, ubongo tu umepoteza breki, kikaisha kama kilivyoanza. Na kuna sonona, inayowakamata karibu theluthi yao, na hukula hamu ya mazoezi, chakula na watu. Ina dawa. Ukienda kliniki itaje kwa jina, usingoje daktari aulize, maana foleni ni ndefu na mgonjwa wako hawezi kujieleza.

Nunueni mashine ya presha, muandike namba kila asubuhi. Wewe mtu wa namba, hii kazi itakufaa. Kiharusi kikishapita mara moja hupenda kurudi, na safari hii "najisikia mzima" isiwe sababu ya kuacha kidonge. Ukimpima yeye, jipime na wewe.

Imebaki chupa ya mama mkwe. Ipokee, mshukuru kwa simu, usigombane naye kwa jambo hilo. Lakini mgonjwa asiinywe kabla hamjaipeleka kliniki pamoja na vidonge vyake vyote, kwa kuwa wengi waliozibwa mshipa hupewa dawa za kuzuia damu isigande, na mizizi mingine huzifanya zizidi nguvu au zishindwe kazi. Mama akiuliza imefikia wapi, mwambie daktari anaiangalia. Hutakuwa umedanganya.